Mwenye Kisima Kabla Hajawa Mbaya

Juzi mvua ilinikuta sijaingiza ndani magunia ya katani ninayofunikia mchele nje ya duka langu hapa Kahama. Nilipoyakokota ndani yamelowa tepetepe, harufu yake ikanipanda puani nikaona nikae kwanza. Nimekaa hapo juu ya kiroba, nanusa gunia kama mbuzi, na binti yangu Neema yuko kwenye kona yake na simu anatazama tamthilia yake ya dunia iliyoharibika. Mara namwona anasogeza picha kwa kidole, anasogeza, anasogeza.

"Mbona unaruka?" nikamuuliza.

"Mama, hii sehemu wamerudi nyuma, wanatuonyesha yule mbaya alivyokuwa zamani kabla dunia haijaharibika. Inachosha. Hata kwenye grupu letu wote wamelalamika. Wiki nzima tumesubiri tuone anakufa, wao wanatuletea ujana wake!"

"Rudisha uangalie," nikamwambia, na sauti ikatoka kali kuliko nilivyotaka. Mtoto wa watu akanikodolea macho. Hata mimi nilijishangaa, maana tamthilia zake huwa sina habari nazo, kwangu mimi ni watu wachafu wanaokimbizana tu. Akarudisha, akaangalia amenuna, na mimi nikaenda kuanika magunia.

Sikumweleza. Nawaeleza ninyi wa rika langu, mliokulia enzi za deki na CD moja iliyoshindiliwa sehemu chungu nzima, mkakaa chini kwenye banda la video mpaka makalio yakafa ganzi. Ninyi mtajua ninachosema.

Sisi tulikaa Maganzo, pale barabarani, ambako kila mtu mzima alikuwa ama anachekecha mchanga kutafuta almasi, ama anamuuzia chakula anayechekecha, ama anamdanganya anayechekecha. Sefu alikuja na kundi la kwanza la wachimbaji, almasi ikamkataa kabisa, akanunua televisheni ya chogo, deki na jenereta, akafungua banda. Lilikuwa la mabati juu mpaka chini. Madirisha aliyaziba kwa magunia, na jua likiwaka anayamwagia maji ili tusiive mle ndani. Ndiyo harufu yenyewe: gunia bichi, petroli ya jenereta, jasho la wachimbaji, na karanga za moto za mama yangu aliyekuwa anauzia pale mlangoni.

Watu hawakuja kwa ajili ya picha, walikuja kwa ajili ya Sefu. Alikuwa anakaa kwenye kigoda pembeni ya televisheni, maiki mkononi, sauti ya Wazungu kaipunguza, anasema yeye. Kiingereza chake, Mungu ndiye anakijua. Sefu hakuwa anatafsiri, Sefu alikuwa anatunga, tena kwa uhodari hata watu wakawa hawataki CD isiyopitia mdomoni mwake. Wazungu wote aliwapa majina ya kwetu. Bibi mmoja mkali alimwita Mama Mwenyekiti. Kijana shujaa alikuwa Stelingi tu, kama mastelingi wote. Na yule mbaya, aliyejenga ukuta kuzunguka kisima na kuwaacha watu wafe kiu nje, huyo alikuwa Mwenye Kisima. Loo, tulimchukia! Kuna mama mmoja alikuwa kila akimwona anatema mate pembeni, halafu anafukia kwa ndara.

Tamthilia yenyewe ilihusu dunia ambayo mvua ilikoma. Miji imebaki mitupu, watu wachache waliosalia wanauana kwa kidumu cha maji. Watoto wenzangu walikuwa wanaogopa hiyo miji. Mimi wala. Nyumba tupu, milango inajipigiza, sufuria limeachwa jikoni, nguo ziko kambani: mbona hayo nilishayaona? Kabla ya Maganzo tulikaa kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita, na siku moja ikasikika kwamba huko mbele kuna rashi, dhahabu imetokea juu juu, watu wanaokota. Jua linazama, kambi nzima imebaki mbwa na vibanda. Kwa hiyo nilijua fika kilichowapata Wazungu. Nikamuuliza Sefu kwa sauti, katikati ya tamthilia, "Anko Sefu, hawa wamekwenda rashi ya wapi?"

Banda likaangua kicheko. Sefu hakucheka. Alinijibu kwenye maiki kwa heshima zote, "Mbali sana, Kabula. Lakini walioacha sufuria watarudi."

Nikaamini, kwa sababu baba naye siku hizo alikuwa amekwenda rashi, amerudi kule kule Geita na rafiki yake Masunga, na sufuria zote alituachia.

Baba alikuwa Msukuma haswa, wa kumwagika, na Msukuma na Mzaramo ni watani tangu enzi za mababu waliobeba mizigo kwenda pwani. Sefu alikuwa Mzaramo. Wakikutana, mgeni angedhani watashikana mashati. Sefu: "Wewe mla michembe ya viazi, umeoga leo au unasubiri masika?" Baba anakohoa kwanza, alikuwa na kikohozi chake kidogo kabla ya kila neno, halafu: "Wewe Mzalamo, ngoma ikilia unaacha ugali mezani." Sefu alikuwa anamwahidi kwamba siku akifa atakwenda kulala kaburini mwake, hatoki mpaka apewe jogoo. Baba alikuwa anamwahidi kwamba yeye atavaa kanzu yake aende nayo kilabuni kwenye pombe. Wanacheka mpaka wanashikana mabega. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani kwetu: anavaa nguo za marehemu, anatembea mwendo wake, anakohoa kikohozi chake, anamtukana, mpaka aliyekuwa ameganda alie na aliyechoka kulia acheke. Msiba usio na mtani watu husema umepoa.

Halafu Masunga akarudi peke yake. Alikuja asubuhi na begi la baba, nikaambiwa nikacheze. Nilifurahi, nikawaambia wenzangu begi limetangulia, mwenyewe yuko nyuma. Yaliyosemwa ndani niliyajua ukubwani. Duara, yaani shimo walilokuwa wanachimba, lilititia, matimba ya kuzuia kuta yakavunjika, baba akabaki chini na wenzake, na baada ya kuhangaika sana ikaamuliwa shimo lifukiwe. Maiti haikutoka. Masunga alikuwa juu, kwenye kamba.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, hakutoa chozi. Kisha akasema maneno ambayo mtaa mzima uliyarudia kwa muda mrefu: "Mmeniletea begi. Begi si mtu."

Basi ikawa hivyo. Baba mdogo alikuja kutoka kijijini na wazee wawili, wanataka waweke matanga. Mama aliwapikia ugali na kuku, akawanawisha mikono, akamwambia, "Shemeji, karibu chakula. Lakini mwenye mume hai hakai matanga. Mimi msiba sina." Wakaondoka wamekasirika, wanasema huyu mwanamke anamnyima ndugu yao heshima yake. Majirani waliokuja kutoa pole aliwarudisha na pole zao. Na akawaapisha wote, mkubwa kwa mdogo, kwamba atakayemwambia Kabula neno, wasijuane tena. Wakatii. Mtaa ule ambao haukuweza kuficha hata ndoa ya mtu ilivyovunjika, ulinifichia mimi kifo cha baba yangu, na mpaka leo nikikumbuka hilo nawapenda wale watu wote, hata waliokuwa wezi.

Sefu naye alijaribu. Alikuja nyumbani amevaa shati kinyumenyume, tayari kwa kazi yake, anaanza, "Hodi, nimemfuata mdeni wangu mla mi..." Mama akamfungia mlango usoni. Niliona kupitia dirishani jinsi alivyobaki amesimama pale uani, shati limegeuzwa, hajui aweke wapi mikono. Tangu siku hiyo akawa anamwamkia mama kwa adabu, "Habari za asubuhi, shemeji," na hiyo adabu ilitisha kuliko matusi yote. Hata mimi mtoto niliona kuna kitu kimeharibika kati ya watu wazima, ila nilidhani wamegombana kwa sababu ya karanga.

Mama akaanza kukauka. Sijui niseme vipi. Hakuwa anaumwa. Aliamka, alikaanga karanga, alikuja bandani na ungo wake, alikaa pale mlangoni amegeuzia televisheni mgongo, uso uko barabarani kwenye mabasi yanayotoka upande wa Geita. Hakutazama tamthilia hata siku moja, alikuwa anaisikia tu. Basi likisimama, mikono yake inasimama. Likiondoka, anaendelea kufunga karanga kwenye vikaratasi. Mashavu yakaingia ndani, khanga ikawa inamzunguka mara mbili. Wanawake walinong'ona kwamba mama Kabula tutamzika na yeye, maana msiba usipotoka nje humla mwenye nao. Walikuwa na hofu kweli, na hakuna aliyejua pa kumshika.

Sasa ile Jumapili. Watu walitoka kanisani wakaja bandani moja kwa moja na mashati yao meupe, kwa sababu wiki iliyopita iliishia Stelingi amemkamata Mwenye Kisima, kamba shingoni, panga juu. Hakuna aliyekuwa amelala vizuri wiki hiyo. Yule mama wa kutema mate alisema panga ni huruma, angepewa kiu kwanza. Masunga, ambaye alikuwa na sauti kubwa na tangu arudi alikuwa anaitumia kwenye tamthilia tu, alisimama juu ya benchi akatangaza, "Huyu akifa leo nachinja jogoo, mje wote!"

Sefu akawasha. Picha ikaja. Majani mabichi. Mvua inanyesha. Watu wanacheza, kuna bibi harusi na bwana harusi wake, na kijana mmoja mzuri, meno yote nje, anamrusha mtoto juu na kumdaka.

"Huyu nani?"

"Mbona kama Mwenye Kisima? Ila huyu ana nywele."

"Sefu, umekosea CD!"

"Tumekuja kuona kifo, wewe unatuonyesha pilau!"

Ganda la muwa likaruka likagonga televisheni. Sefu akasimama mbele ya kioo kukikinga kwa mwili wake, mikono kaitanua. "Jamani, jamani! Sijakosea! Wenyewe Wazungu wamerudi nyuma. Hata mtu mbaya alizaliwa, alikuwa na watu wake. Tulieni muone."

"Alizaliwa ili iweje?" Masunga akanguruma, na watu wakampigia makofi. Lakini hakuna aliyetoka. Na yule mama wa kutema mate alisema polepole, kama anayejisemea mwenyewe, "Ila kijana alikuwa mzuri, haki ya Mungu."

Mvua ikakoma kwenye picha. Majani yakakauka, ng'ombe wakaanza kulala chini, na hapo wachimbaji wetu wakaanza kunyamaza mmoja mmoja, kwa sababu ng'ombe aliyelala chini kwa njaa hahitaji kutafsiriwa Usukumani. Mwenye Kisima akachukua sururu. Akaanza kuchimba kisima na mdogo wake, yule bwana harusi. Wanachimba, wanashuka, mchanga mkavu unamwagika pembeni.

Basi banda likalipuka upya, ila safari hii hawakuwa wanamtukana. Walikuwa wanamwelekeza.

"Hawajaweka matimba!"

"Mchanga ule unashuka, waambie watoke!"

"Toka wewe! Toka! Acha sururu, toka!"

Wanaume wazima, na mashati ya kanisani, wamesimama wanaipigia televisheni kelele kwa Kisukuma na kwa Kiswahili. Kwenye picha yule mdogo anatabasamu, ameshaona unyevu, anamwonyesha kaka yake tope kwenye kiganja. Mchanga ukashuka. Mwenye Kisima alikuwa na kamba kiunoni, waliokuwa juu wakamvuta. Mdogo wake hakuwa nayo.

Ikasikika jenereta peke yake. Na katikati ya kimya kile Masunga, bado amesimama, akasema, "Kamba haikukatika. Tulivuta. Mchanga ndio ulioshuka."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu. Nilimwona mama mlangoni. Basi lilikuwa limesimama barabarani, watu wanashuka, na yeye hakuwa analitazama.

Tamthilia ikaendelea. Mwenye Kisima akachimba kwingine, hakupata maji, na kile kisima cha kwanza akakijengea ukuta, mawe juu ya mawe, vidole vinatoka damu, watu wanakuja na vidumu anawafukuza kwa mkuki. Polepole uso wake ukawa ule tuliouzoea. Mtu mmoja nyuma akasema, "Kumbe halindi maji. Analinda ndugu yake."

Hapo ndipo ubishi ulipoanza, na sijawahi kusikia ubishi mtamu namna ile.

"Basi ana haki!"

"Haki gani, watoto wanakufa kiu nje ya ukuta?"

"Wewe ungewaacha watu wachote maji kwenye kaburi la mdogo wako?"

"Angesema! Si angesema tu kwamba ndani kuna mtu wake? Watu wangemwelewa, wangemsaidia kulia!"

"Ndiyo kosa lake hilo," akasema yule mama wa kutema mate, na safari hii hakutema. "Msiba ukiukalia peke yako unakugeuza. Mtamwona mchawi, kumbe ni mfiwa."

Alipokwisha kusema hivyo ndipo akakumbuka nani yuko mlangoni. Akajiziba mdomo kwa khanga. Watu wote wakatazama miguu yao, na mimi, mjinga wa mwisho mle ndani, nikawa nawasihi wenzangu wanyamaze nione bibi harusi amepatwa na nini.

Bibi harusi alikuwa amekaa ukingoni mwa kisima. Ndugu wanakuja kumchukua, hataki. Wanamletea chakula, hagusi. Vumbi linampiga. Halafu nyuma yake akatokea mumewe, msafi, hana hata chembe ya mchanga, amesimama anamtazama.

Ukubwani nimeitafuta sehemu ile nikaipata. Nimeiangalia zaidi ya mara moja. Kijana yule hasemi neno. Anasimama, upepo unavuma, anaondoka, basi. Kila nilichosikia siku ile kilikuwa cha Sefu. Nimejiuliza sana kama alikuwa amekipanga au kilimjia tu pale kwenye kigoda, na kama alikuwa na haki. Mtani ana haki zake, lakini huyu alikuwa ameshafungiwa mlango. Nilipokuwa kijana mwenye hasira nilimlaumu. Siku hizi nikimfikiria natamani nimshike mkono tu.

Aliinua maiki. Kisha akakohoa.

Kilikuwa kikohozi cha baba. Kile kile.

"Mama Kabula," akasema, na kile Kiswahili chake cha pwani kilikuwa kimekwisha kabisa, ilikuwa ni sauti ya Msukuma. "Wewe mwanamke, mbona umekaa mlangoni kama askali wa mgodi?"

Watu wachache wakacheka, wakidhani ni mzaha wake wa kila siku wa kuwapa Wazungu majina yetu. Kicheko kikakatika njiani.

"Nimeludi, kila nikiludi nakukuta umekaa hapo hapo. Hunikalibishi ndani, hunifukuzi. Wenzangu wote wamelala. Mimi peke yangu nimesimama, na miguu inaniuma, mayu. Unauzia watu kalanga mchana kutwa, mimi hunipi hata punje. Na ule ungo wako umetoboka, nilisema nitauziba nikasahau, nisamehe." Akakohoa tena. "Halafu huyu Mzalamo mwizi, asije akakudanganya umpe jogoo wangu. Mpe kifalanga, tena kile chenye ugonjwa."

Mtu akacheka kwa sauti huku analia, nikasikia vyote viwili vikitoka kwenye koo moja.

"Mama Kabula. Niluhusu nilale."

Mimi nilikuwa nimeshasimama tangu kikohozi cha kwanza. Baba! Nilijua atarudi, si aliacha sufuria? Nikawaruka wenzangu, nikapita chini ya mkono wa Sefu, nikaenda nyuma ya televisheni. Kulikuwa na nyaya, vumbi na ndara za Sefu. Nikasukuma televisheni, haikusogea. Nikaona labda yuko nje, anasemea dirishani, nikalivuta lile gunia kwa nguvu zangu zote likang'oka na misumari yake. Jua likaingia banda zima, picha ikapotea kwenye kioo, na nje hapakuwa na mtu, ni jenereta inaruka ruka yenyewe.

"Yuko wapi?" nikamuuliza Sefu. "Nimemsikia. Yuko wapi?"

Sefu aliweka maiki chini. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye shingo ya kanzu, na wala hakuyafuta.

Ndipo nikasikia ungo ukianguka. Mama alikuwa amesimama, karanga zimetapakaa chini kote, na uso ameugeuzia ndani, kwetu, kwa mara ya kwanza. Alifungua mdomo. Halafu kikatoka. Sitakielezea kilio kile. Wanaume walivua kofia, na mabasi barabarani nadhani yaliendelea kupita, ila sikuyasikia.

"Lala," alisema alipopata maneno. "Lala, Baba Kabula. Nimekuchosha mume wangu, nimekusimamisha muda wote huu. Lala, lala, lala." Akawa anarudia hivyo kama anayembembeleza mtoto, anajipiga kifua kwa kiganja polepole.

Masunga aliwapita watu wote akaenda kupiga magoti mbele yake, lile jitu zima. "Tulivuta, shemeji."

"Najua mlivuta," mama akamwambia, na akamwekea mkono kichwani. "Najua. Nilikukatalia kusema."

Wanawake wakamzunguka. Mmoja akamvua kilemba, mwingine akamfunga khanga kiunoni, wakamkalisha chini pale pale juu ya karanga zake, na yule mama wa kutema mate akakaa nyuma yake ili aegemee. Nje nilisikia wanaume wameanza kutoa mabenchi ya banda na kuyapanga kivulini, na mtu anatumwa kijijini kwa baba mdogo. Hakuna aliyezima televisheni. Mimi nilikuwa nimebaki na gunia mkononi, sielewi kwa nini watu wanalia wakati baba amefika.

"Kabula, njoo," mama akaniita. Nikaenda. Akaniweka mapajani ingawa nilikuwa nimeshakua wa kutowekwa mapajani, akanishika uso kwa mikono yake yenye chumvi ya karanga.

"Baba yako amekufa, mwanangu."

Niliwatazama watu wote. Nilikuwa nimetoka kumsikia, alikuwa amelalamika miguu inamuuma. Mtu hafi hivi hivi tu wakati anadai karanga.

"Amekufa lini?" nikauliza.

Mama akamtazama Masunga, akamtazama Sefu aliyekuwa amesimama mbali ameshika kanzu yake. Hakuna aliyemsaidia, na nadhani hakutaka kusaidiwa.

"Leo," akasema. "Amekufa leo, mwanangu. Njoo tulie."